Kurudi Kundini

Kwa miezi mitatu ya kwanza huko Minneapolis, muuguzi mmoja kutoka Kilimanjaro alihudhuria ibada kila Jumapili bila kuikaribia Meza ya Bwana. Alikaa benchi la nyuma, akaimba tenzi alizozijua kwa sauti ingawa maneno yalikuwa ya Kiingereza, na ulipofika wakati wa Chakula cha Bwana alikunja miguu ili wenzake wapite. Mchungaji alitangaza kila wiki kwamba wote wanakaribishwa. Bibi mmoja mwenye asili ya Norwe alimnong'oneza maneno hayo hayo, akidhani hakuyasikia. Mwezi wa nne alichoka kubaki peke yake katika safu tupu. Akasimama, akaenda, akapokea mkate na divai, na hakuna aliyemwuliza neno. Ndani ya basi la kurudi nyumbani alilia, na kila alipokisimulia kisa hicho baadaye alisisitiza kwamba kilio kile hakikuwa cha furaha. "Nilikuwa kama mtoto aliyekula kwa jirani," alisema, "huku nyumbani sahani yake bado imefunikwa."

Wasomaji waliolelewa katika sharika za Kilutheri za kaskazini mwa Tanzania hawahitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa ametengwa. Alipokuwa na umri wa miaka 22, akiwa mwanafunzi wa uuguzi, alipata mimba kabla ya ndoa. Wazee wa kanisa wawili walifika kwa mama yake jioni, wakapewa viti, wakauliza walichotumwa kuuliza. Binti alimtaja mwanamume, mwimbaji wa kwaya ya usharika ule ule. Mwanamume alikana. Jumapili iliyofuata jina moja tu lilisomwa mbele ya washarika, na kwaya ikaendelea na wimbo wake, sauti zote nne zikiwa kamili.

Njia ya kurudi ilikuwepo na kila mtu aliijua: mtu hufika kwa mzee wa mtaa wake, huonana na mchungaji, hufundishwa, na siku iliyopangwa husimama mbele ya usharika, huungama, huombewa, kisha hukaribishwa tena Mezani. Watu huiita kurudi kundini. Binti yule alikataa. Hakukana kosa lake. Alikataa kusimama peke yake kwa jambo ambalo hakulifanya peke yake. Mtoto alizaliwa, akatimiza miaka minne, na mama yake akapata nafasi ya kwenda Marekani, akiwa bado nje ya kundi.

Ni rahisi, hasa kwa msomi aliyekwisha kuvuka bahari, kuisoma habari hii kama mashtaka dhidi ya kanuni. Ingekuwa rahisi zaidi kuhitimisha kwamba Minneapolis ilimpa neema pale ambapo nyumbani palimpa sheria. Tatizo ni kwamba mwenyewe hakuiona hivyo. Kwa miaka 12 alishiriki Meza ya ugenini, na kwa miaka hiyo yote alijua kwamba pale ambapo hakuna awezaye kumwambia mtu kuwa yuko nje, hakuna pia awezaye kumwambia kuwa amerudi. Wema wa Wamarekani wale ulikuwa wa kweli. Walimletea vyakula alipougua, walimtafutia binti yake koti la baridi alipokuja kuungana naye. Lakini alipoacha kuhudhuria kwa miezi mitano kwa sababu ya zamu za usiku katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, hakuna aliyekuja kumuuliza. Waliheshimu uhuru wake.

Kilimanjaro ina historia yake katika jambo hili. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani mwaka 1893, na miongoni mwa waliowafuata alikuwamo Bruno Gutmann, aliyeanza kazi mwaka 1902 na kuishi muda mrefu Old Moshi hadi alipoondoka mwaka 1938. Gutmann alikusanya sheria na mafundisho ya Wachaga kwa bidii ambayo wanazuoni bado wanaitegemea. Kitabu chake kuhusu sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926. Msimamo wake ulikuwa kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vilivyotoka kwa Muumba, na kwamba usharika usiovitumia hauna miguu. Wapo waliomlaumu, na kwa haki, kwamba aliwapenda Wachaga wa jana kuliko wale waliotaka shule na biashara. Hata hivyo, mzee wa kanisa anayepita kwenye vihamba akijua nani hakuonekana Jumapili ni mrithi wa fikra ile kuliko anavyojua mwenyewe.

Na kihambani kuna mmea unaostahili kutajwa hapa. Isale hupandwa kuonyesha mpaka kati ya shamba la mtu na la jirani yake. Isale hilo hilo huchumwa na kupelekwa kwa aliyekosewa kuomba radhi, na kwa desturi ya Wachaga ni vigumu mno kumkataa aliyelishika mkononi. Mpaka na msamaha hutoka katika shina moja. Wahubiri wa mlimani wameligusa jambo hilo mara nyingi, pengine kupita kiasi, ila lilikuwepo kabla ya mahubiri yao.

Katika Ukristo wa Kilutheri swali la kanuni halijawahi kuwa jepesi, kwa sababu kanisa lenyewe lilizaliwa likikataa kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo. Johann Agricola, mwanafunzi wa Luther, alilivuta fundisho hilo hadi mwisho wake na kudai kwamba sheria haina nafasi tena katika kuwahubiria Wakristo. Luther alimpinga vikali tangu mwaka 1537. Jibu lake lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka minane kabla, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kitabu ambacho vijana wa kipaimara bado hukariri. Hapo Amri Kumi hutangulia, na maelezo ya kila amri huanza na kumcha Mungu na kumpenda. Kinachosahaulika ni nusu ya pili ya maelezo hayo. Amri ya kutoua hufafanuliwa kuwa ni pamoja na kumsaidia jirani katika haja za mwili wake. Amri ya nane, ile ya ushuhuda wa uongo, humtaka Mkristo amtetee jirani, amseme vema na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio bora.

Hapo ndipo kisa cha muuguzi yule kinapogeuka. Usharika wake uliisimamia amri ya sita kwa ukali. Amri ya nane iliachwa ijitegemee. Visimani na sokoni jina lake lilizunguka kwa miaka, likiongezewa mimba ambazo hakuwahi kuzibeba, na hakuna mzee aliyemfuata msemaji hata mmoja nyumbani kwake jioni. Mwanamume aliyesema uongo mbele ya baraza hakutengwa kwa uongo huo. Mimba huonekana na uongo hauonekani. Basi kanuni ikawa sheria ya vinavyoonekana, nayo ikawaangukia wanawake. Lakini dawa ya hali hiyo haiwezi kuwa kuifuta kanuni, kwa maana kanuni ndiyo iliyovunjwa. Aliyeonewa ana haja na sheria kuliko aliyemwonea.

Dietrich Bonhoeffer alilielewa jambo hili katika mazingira magumu zaidi. Mwaka 1937, katika kitabu chake kuhusu kumfuata Yesu, alishambulia neema inayouzwa rahisi, ikiwa ni pamoja na ubatizo usio na nidhamu ya kanisa na Meza isiyo na maungamo. Hakuwa akiandika kutoka maktabani tu. Kule Finkenwalde, katika seminari aliyoiongoza hadi Gestapo walipoifunga mwaka huo huo, wanafunzi wake waliishi kwa utaratibu wa sala, kimya na kazi. Kanuni moja iliwakataza kumzungumzia ndugu asiyekuwepo. Aliyeteleza alipaswa kumwendea ndugu huyo na kumwambia. Inasemekana wanafunzi walijifunza mengi kutokana na kushindwa kuishika kanuni hiyo kuliko kutokana na mihadhara. Kanuni ndogo namna hiyo, ingefuatwa katika usharika mmoja wa mlimani, ingebadili miaka 16 ya maisha ya mtu.

Mama wa muuguzi alifariki wakati wa mvua za masika. Binti akasafiri, na kwa kuwa marehemu alikuwa msharika mwaminifu, kanisa lilimzika kwa heshima zote. Siku ya tatu baada ya mazishi mzee wa mtaa alifika, mmoja wa wale wawili wa zamani, sasa mwenye fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Pole tena. Nimekuletea kitu cha mama yako."

Hakikuwa cha mama yake hasa. Lilikuwa daftari la matoleo la mtaa. Kila msharika ana namba, na namba hiyo huandikwa kwenye bahasha yake ya sadaka. Mzee alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye namba moja, akakishusha polepole. Mwezi baada ya mwezi, kiasi kidogo, pengine bei ya mkungu mmoja wa ndizi, kilikuwa kimetolewa kwa namba ya binti. Mama alikuwa akileta bahasha mbili. Karani mmoja alitaka kuifuta namba ile, na mzee alimkataza kwa hoja ya kiutaratibu tu: aliyetengwa hajafukuzwa, na kwa hiyo jina lake halitoki daftarini.

Muuguzi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba angependa kurudi, na kwamba ana ombi moja: mwongozo wa nidhamu usomwe barazani, wote, kwa sauti.

Ulisomwa. Ulisema mwanamume na mwanamke. Ulikuwa umesema hivyo siku zote, katika kijitabu kilichofungiwa kabatini pamoja na vitambaa vya madhabahu. Mwanamume, ambaye sasa alikuwa na nafasi katika kamati ya ujenzi, aliandikiwa barua kuitwa mbele ya baraza. Hakujibu. Jumapili mbili hakuonekana. Wajumbe wawili walishauri suala liishie hapo, kwa kuwa ni la zamani na mchango wake ni mkubwa, na mmoja akanukuu habari ya kutohukumu. Mzee mwenye fimbo aliuliza iwapo habari hiyo haikuwepo kwenye Biblia miaka 16 iliyopita.

Yafaa kukumbuka kwamba Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu wa kuondolewa kati yao, na kwamba katika waraka wa pili anawasihi wamsamehe na kumfariji mmoja aliyekwisha kuadhibiwa, asije akamezwa na huzuni. Wafafanuzi hubishana kama ni mtu yule yule. Kwa vyovyote, Paulo anayeagiza kufunga ndiye anayeagiza kufungua, na anaonekana kuogopa zaidi kuchelewa kufungua. Usharika ule ulikuwa umechelewa, na sehemu ya kosa ilikuwa ya muuguzi mwenyewe. Alikiri hivyo kwa mchungaji. Kiburi na haki vilikuwa vimekaa pamoja moyoni mwake hadi hakuweza tena kuvitenganisha.

Siku ya kurudi, viti viwili viliwekwa mbele. Mzee ndiye aliyeagiza, na hakueleza sababu. Majina mawili yalisomwa, la mwanamume kwa mara ya kwanza. Kiti cha pili kilibaki kitupu ibada nzima, mbele ya macho ya watu waliokuwa watoto wakati ule na ya wengine waliokuwa wamezeeka wakimsengenya. Mchungaji aliuliza maswali yaliyoandikwa, muuguzi akajibu majibu yaliyoandikwa. Alisema baadaye kwamba alishukuru maneno hayo hayakuwa yake, kwa kuwa ya kwake yangemkwama. Kisha usharika wote ukapita, benchi kwa benchi, kumpa mkono. Baadhi ya mikono ilikuwa baridi. Alipopokea kikombe, bibi mmoja nyuma alipiga vigelegele, jambo ambalo utaratibu haukulitaja.

Alirudi Minneapolis na barua ya utambulisho yenye muhuri wa usharika, ikisema kwamba mtajwa ni mshiriki halali wa Meza ya Bwana. Mchungaji wake wa Kimarekani, mwanamke wa makamo, hakuwa amewahi kupokea barua ya namna hiyo. Alimwomba amtafsirie, akasikiliza hadi mwisho, akauliza maana ya muhuri, kisha akauliza juu ya ile miezi mitano ambayo muuguzi hakuonekana, miaka kadhaa nyuma. Aliikumbuka. Alikuwa ameona kiti chake kitupu na akasita kupiga simu asije akaonekana anamwingilia.

"Huko kwenu," aliuliza, "ni nani anayepaswa kupiga simu?"

"Mzee wa mtaa," muuguzi akamjibu. "Wala hapigi simu. Anakuja."