Rugezi: Kinamasi Kinachowasha Taa

Msafiri atokaye Kisoro, Uganda, akiisha kuvuka mpaka wa Cyanika, haendi mbali ndani ya Rwanda kabla ya kuliona Ziwa Burera limelala katikati ya vilima. Mashariki ya ziwa hilo, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lipo bonde refu lililojaa nyasi na mafunjo. Hapo ndipo Rugezi. Mgeni akikanyaga humo, chini hutikisika kama godoro, kwani hakanyagi ardhi hasa, bali mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila ya kuoza sawasawa. Sisi twaiita mboji. Wenyeji huiita nyiramugengeri.

Mboji hiyo ina kazi mbili. Hunyonya mvua na kuyaachilia maji polepole hadi Burera, kisha hadi Ziwa Ruhondo, lililo chini kwa kiasi cha mita 100. Mteremko huo ndio uendeshao mitambo ya umeme ya Ntaruka. Tena, huifungia hewa ya ukaa isipae na kuizidishia dunia joto.

Watu walipozidi na mashamba kuwa haba, mitaro ilichimbwa, kinamasi kikakaushwa na kulimwa. Ukame ulipoongezeka juu ya hayo, Burera ilishuka. Mnamo 2003 na 2004 Ntaruka ilidhoofika, na taifa likalazimika kukodi mitambo ya dizeli. Naam, mtaro wa mkulima mlimani ulizima taa mjini.

Serikali ikapiga marufuku kilimo kinamasini. Matuta yalichimbwa vilimani, na mianzi ikapandwa kandokando ya maziwa. Mwaka 2005 Rugezi iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, na kufikia 2007 Ntaruka ilikwisha kurudia nguvu zake. Leo korongo wenye taji wana maskani humo.

Lakini, ndugu msomaji, ushindi huo ulikuwa na gharama. Jirani wa kinamasi aliyezoea kulima humo, kukata majani ya ng'ombe na mafunjo ya kusukia mikeka, alifungiwa ghala lake. Faida ni ya taifa na ya dunia. Je, mzigo uwe wake peke yake? Ndiyo maana mataifa yaliungana Marrakech mwaka 2016 kuanzisha mpango wa kuhifadhi mboji duniani, na mwaka 2019, mjini Nairobi, Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira likapitisha azimio juu yake. Maazimio hayo yatapimwa kwa jambo moja: kama mkulima wa Rugezi anapata riziki nyingine.

Nasi majirani tusijione watazamaji. Maji ya Rugezi huingia Mukungwa, yakaenda Nyabarongo na Kagera, hata Ziwa Viktoria na Mto Naili. Hayaonyeshi pasi katika mpaka wowote. Anayeilinda chemchemi ya jirani hulinda mtungi wake mwenyewe.