Waache wacheke, mama karudi botini!

Wanaosema thrasta ni ya wasiojua kuendesha boti, nawaambia waje washike kamba wao.

Wikiendi huwa napiga kibarua kwenye boti ya tanga ya mzee mmoja, futi 33, mto Hamble, karibu na Southampton, Uingereza. Yeye na mkewe wamestaafu. Baharini raha tupu. Kasheshe ni kuegesha! Boti ikipunguza mwendo usukani hausikii, maana unategemea maji yanayoupita. Hapo upepo unaisukuma omo, siyo sabuni jamani, pua ya chombo, kuelekea boti za watu. Nani anaruka gatini na kamba? Mama, na magoti yake mabovu. Mwaka jana akasema wazi: boti iuzwe, la sivyo mzee asafiri peke yake.

Ikapandishwa nchi kavu. Mafundi wakatoboa omo chini ya usawa wa maji, ubavu hadi ubavu, wakapitisha bomba lenye rafadha ndani, inayozungushwa na mota ya umeme. Ndiyo thrasta hiyo. Unabonyeza kulia, pua inakwenda kulia. Lakini inakula betri balaa, na unabonyeza sekunde chache tu. Ukiing'ang'ania, mota inachemka. Gharama ni maelfu ya pauni. Mzee aliguna, akalipa.

Majirani wanacheka, na kweli inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Shauri yao. Jumamosi iliyopita upepo ulitupiga ubavuni, mzee akabonyeza mara tatu, boti ikatulia. Mama akashuka mdogo mdogo na kikombe chake cha chai, kamba akaniachia mimi.