Nguo ya Mchana na Nguo ya Mezani

Katika maswali ambayo msafiri hujiuliza anapofunga sanduku lake, swali la nguo za kulia chakula huja mwisho; lakini likikosa jibu nyumbani, huwa la kwanza kuleta ugomvi njiani. Wengi hulidharau. Husema kuwa tumbo halina macho, na kuwa chakula kizuri kina ladha ile ile kwa mwenye koti na kwa mwenye fulana. Maneno haya yana ukweli, lakini ni ukweli wa tumbo peke yake. Mezani huketi watu, na watu wana macho, kumbukumbu na shukrani. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano wa mahali ambapo wengi wangedhani kuwa swali la mavazi halina nafasi kabisa, yaani bustani kubwa ya burudani iitwayo Walt Disney World, katika jimbo la Florida, Marekani.

Mahali hapo palifunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1971. Leo si bustani moja, bali ni bustani nne kubwa pamoja na hoteli nyingi za kulala wageni. Mtu hutembea huko tangu asubuhi hata usiku. Hupanda magari ya reli yanayopaa na kutumbukia, huingia katika vyombo vinavyorusha maji, na husimama katika safu ndefu juani akingojea zamu yake. Mwezi wa Julai joto la mchana hufika kama nyuzi 33 za sentigredi, na alasiri nyingi mvua ya radi hushuka ghafula, ikakoma ghafula. Kwa hiyo nguo ya busara mchana ni nyepesi, pana na ya kukauka upesi. Na kiatu cha busara ni kile kilichokwisha kuuzoea mguu. Hapo hapana ubishi.

Ubishi huanza wakati wa kula. Chakula cha huko ni cha namna mbili. Kipo kinachonunuliwa dirishani na kuliwa popote penye kivuli. Na kipo cha kuketi, ambapo mgeni huandikiwa meza, akaletewa sahani na kuondolewa na mhudumu. Meza za namna ya pili huweza kuagizwa siku 60 kabla, na zile zinazopendwa sana hugombewa mara tu mlango wa kuagiza unapofunguliwa. Ndani ya vyumba hivyo mitambo hupoza hewa kiasi cha kumtetemesha aliyelowa. Mtu atokaye juani, jasho mgongoni na maji ya mvua viatuni, hujikuta mbele ya meza iliyoandaliwa, na nguo iliyokuwa rafiki yake mchana kutwa humgeuka.

Masharti ya wenye nyumba ni mepesi kuliko wageni wengi wanavyodhani. Katika mikahawa iliyo ndani ya bustani, hata ule ulio ndani ya kasri la Cinderella, kaptura na raba hupita bila ya neno. Katika baadhi ya mikahawa mikubwa ya hotelini, nguo za kuogelea na nguo zilizotatuka hukataliwa. Upo mmoja, Victoria & Albert's, uliofunguliwa mwaka 1988 na kupewa nyota ya Michelin mwaka 2024, ambao hukaza kamba: huko kaptura na kandambili hazina njia, na mtoto asiyetimiza miaka 10 hapokewi. Lakini huo ni wa wachache. Kwa wageni wengi, mlango u wazi kwa nguo yo yote iliyo safi kidogo.

Wala masharti haya hayakushuka kutoka mbinguni. Bustani ya kwanza ya Walt Disney, ile ya California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai, 1955. Picha za siku ile zaonyesha wanaume waliovaa koti na tai, na wanawake waliovaa magauni ya kutokea na viatu vya visigino virefu, kana kwamba wanakwenda harusini. Jua lilikuwa kali, lami ilikuwa imemwagwa karibuni, na visigino vya wanawake vikazama ndani yake. Katika miaka ya 1960 wanaume wenye nywele ndefu walipata kurudishwa langoni. Wafanya kazi wenyewe hawakuruhusiwa kufuga masharubu mpaka mwaka 2000, wala ndevu mpaka mwaka 2012. Leo baba mwenye ndevu, kaptura na fulana yenye picha ya panya huingia, akapokewa kwa tabasamu. Ruhusa ya mavazi, basi, ni kitu kinachokwenda na wakati. Afanyaye ruhusa kuwa kipimo cha adabu atalazimika kubadili adabu yake kila wenye nyumba wabadilipo tangazo.

Nilipata kulifikiri jambo hili kwa makini katika safari ya jamaa yangu. Dada yangu hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, katika jimbo la Ohio. Kwa miaka miwili aliweka akiba ili mama yetu, atokaye Tanga, apate kuja kumwona mjukuu wake, na wote pamoja wapate siku nne za furaha Florida. Katika siku nne hizo alichagua mlo mmoja wa kuketi, ndani ya kasri. Bei yake ilikuwa nzito kwa mtu wa mshahara wake. Lakini alisema kuwa mama alimpikia maisha yake yote, na walau mara moja atamkalisha mahali ambapo hatainuka kuchukua sahani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo shauri la nguo likazuka. Shemeji yangu aliona kuwa kila mtu aende na nguo za mchana. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Tikiti hulipiwa kwa siku. Kurudi hotelini kubadili nguo ni kupoteza saa nzima au zaidi. Na mwenye kasri hadai zaidi ya shati na viatu. Kwa kuwa mama ni mkwewe, hakumbishia uso kwa uso. Alisema na mkewe kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili wa chumba, kama ilivyo desturi ya wakwe wenye heshima. Mama naye alimjibu binti yake, wala hakumtazama mkwe.

"Mwanangu," alisema, "umekesha miaka miwili ukiwaogesha wazee wa watu ili mimi niketi meza hii. Niiendee na jasho la mchana, kama aliyepita kuomba maji ya kunywa?"

Hapana aliyejibu. Asubuhi mama alitoka na dera na viatu vyepesi kama wengine, maana si mtu wa kushindana na jua. Lakini katika mkoba wa dada yangu alitia doti ya kanga ambayo haijaingia maji, na mtandio wa hariri uliokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Dada alitia blauzi yake moja na shati moja la mumewe lenye ukosi. Mzigo wote haukuzidi uzito wa chupa mbili za maji. Saa yao ya meza ilipokaribia, waliingia pa kunawia, wakanawa nyuso na mikono, wakabadili. Shemeji alikuwa wa mwisho kutoka. Kaptura ilikuwa ile ile, lakini shati lilikuwa jeupe na nywele zimechanwa. Mama alimtazama, akasema, "Sasa umekuja, baba." Kwa mkwe, hayo yalikuwa maneno mengi.

Sikueleza kisa hiki ili kumshinda shemeji. Alikuwa na haki ya kuhesabu saa, maana saa zile zililipiwa kwa usingizi wa mkewe. Na hesabu yake ndiyo iliyowazuia wengine kuburura masanduku bustanini. Tena, katika chumba kile walikuwapo akina baba wengi wenye fulana zilizolowa, na ingekuwa ujinga kuwaita watovu wa adabu. Aliyembeba mtoto mabegani tangu asubuhi, akamfikisha mezani akicheka, amekwisha kuvaa kitu kizuri ambacho hakishonwi na fundi. Mavazi ya heshima yakigeuka kuwa fimbo ya kuwachapia majirani, hukoma kuwa ya heshima. Mtoto naye asiteswe kwa viatu vigumu ili picha ipendeze. Kilio chake kitaharibu meza kuliko raba zake.

Kwa kweli watoto ndio walioelewa mahali pale kuliko wote. Wasichana wadogo walifika na magauni ya kifalme yanayong'aa, na taji vichwani. Sheria ya bustani humkataza mgeni aliyetimiza miaka 14 kuvaa mavazi ya maigizo siku za kawaida. Kwa hiyo mkubwa hana gauni la binti mfalme la kukimbilia. Hana budi kuja kama alivyo. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa na gauni la rangi ya samawati, na bibi yake alikuwa na kanga na mtandio. Na mhudumu alipokuja, aliwainamia wote wawili kwa kimo kimoja. Mtoto aliamini kuwa ameinamiwa kwa sababu ya taji. Mama hakuwa na taji. Lakini alikaa wima na mikono yake juu ya meza, na aliponyosha mkono kukusanya sahani, dada yangu aliushika, akaurudisha mahali pake.

Nilimwangalia dada yangu wakati ule. Kazi yake ni kuitwa kwa kengele, kuinua, kufuta na kulisha. Kwa saa moja na nusu alihudumiwa mbele ya mama yake, naye alikuwa amejitengeneza kwa ajili ya saa hiyo. Kama angeketi na nguo za mchana, chakula kisingepungua hata kijiko. Kingepungua kitu kingine: ile dalili kwamba wote waliokuwa pale walijua thamani ya kilicholetwa mezani na aliyekilipia.

Kwa hiyo nikiulizwa na msafiri avae nini katika mkahawa wa kuketi siku ya matembezi kama hayo, sitamtuma kwanza kwenye tangazo la mlangoni, ingawa ni wajibu kulisoma, maana aendaye kwa wenye chongo hufumba lake jicho. Nitamwambia atafute kwanza nani ataketi naye, na meza ile imemgharimu nani. Kama ni chakula cha kuzima njaa kati ya mchezo na mchezo, aende kama alivyo, anawe mikono, ale kwa amani. Kama ni meza ambayo mtu ameinunua kwa jasho, atie mkobani shati moja kavu au mtandio mmoja, utakaomfaa pia kwa baridi ya chumbani, na atenge dakika kumi kabla ya saa yake. Viatu abaki na vile vile vilivyouzoea mguu, maana njia ya kurudi ni ndefu, na lami ya Florida usiku bado ina joto.