Nitafanya Kesho

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua mwaka jana nikiwa kiranja wa maktaba.

Rekodi zote za vitabu zilikuwa katika tarakilishi moja kuukuu yenye diski moja. Asubuhi moja diski ikalia kwa-kwa-kwa, kisha kimya. Nakala hatukuwa nayo. Kuitengeneza ilikuwa kazi yangu, na kila Ijumaa nilisema, "Nitafanya kesho." Rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja akalipishwa kitabu alichonirudishia mkononi. Mama yake huuza sukuma wiki sokoni. Usiku ule sikupata lepe la usingizi.

Muhula uliofuata, mwalimu mlezi wa chama cha tarakilishi alituita tuchague vifaa vya seva mpya. Mimi mbio nikasema, "Mwalimu, tununue diski ya terabaiti 4!"

"Rekodi zetu zote ni kiasi gani?"

"Hazifiki gigabaiti 2."

"Sasa nafasi iliyobaki utaweka mahindi?"

Tulicheka, kisha akatueleza. Diski ya sumaku inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8, na kwa wastani husubiri nusu mzunguko kabla ya kusoma. SSD haina kinachozunguka, hivyo haina kungoja huko. RAM huzishinda zote mbili kwa kasi, na gigabaiti 16 zingebeba rekodi zetu zote na nafasi ikabaki. Lakini stima ikipotea, yaliyomo kwenye RAM nayo hupotea. Ndiyo maana hifadhidata nzuri huandika badiliko kwenye diski kabla ya kusema "tayari".

Basi tukachagua RAM ya gigabaiti 16 na SSD mbili ndogo zinazoandika mambo yale yale, moja ikifa nyingine iendelee. Nikadhani tumemaliza.

"Na ukifuta rekodi kwa makosa?" mwalimu akaniuliza.

Nikanyamaza. Zingefuta zote mbili! Kwa pesa zilizobaki tukanunua diski ya nje ya sumaku, ya bei nafuu, ya kuwekea nakala na kufungiwa katika ofisi nyingine.

Kila Ijumaa naipeleka mwenyewe. Rafiki yangu nilimlipa kidogo kidogo kutoka pesa zangu za matumizi. Mpenzi msomaji, diski huchaguliwa siku moja, lakini nakala ni kazi ya kila wiki. Usiseme kesho.