Samaki Wangu Hawakurogwa

Ushuhuda huu nauandikia Clintonville, mtaa wa kaskazini mwa jiji la Columbus, Ohio, lakini nawakusudia wanawake wenye mabwawa kule Morogoro, Njombe, Mbeya na popote ambako samaki amegoma kukua na lawama ikamwangukia anayemlisha. Lawama hiyo niliibeba mimi. Ilinivunjia jina, ikaing'oa nyumba yangu bati, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba bwawa langu lilirogwa.

Kwetu Uluguruni ardhi hufuata upande wa mama. Kipande changu cha bondeni alinipa mjomba kwa niaba ya ukoo, kwa sababu kilikuwa na maji mwaka mzima na mimi nilikuwa mjane mwenye watoto. Vijana wa kijiji wakanichimbia mabwawa. Pesa zilitoka kwenye kikoba, na zilipopelea nikaongeza mkopo ule uitwao kausha damu, ambao kila mwanamke wa sokoni anaujua. Vifaranga wa perege nilinunua kwa mfugaji mmoja aliyesifika, akaniapia kwamba ni madume watupu. Afisa uvuvi alinipa vipimo vya chakula, nami sikupunja hata kisoda: pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga. Samadi niliweka kama nilivyofundishwa.

Madume watupu wanatakiwa kwa sababu. Jike la perege hubeba mayai na watoto mdomoni, na muda wote huo halili. Nguvu ambayo ingejenga mnofu inakwenda kwenye uzazi. Tena huanza kuzaa likiwa bado dogo sana, bwawa likajaa watoto wanaogombea chakula kile kile. Ndiyo maana wazalishaji wengi huwalisha vifaranga homoni ya kiume katika wiki zao za kwanza. Wangu hawakuwa madume watupu. Siku ya mavuno wavu ulipanda na samaki wa kujaa kiganja cha mtoto, na katikati yao vichanga wasiohesabika. Wapo waliokuwa na mgongo uliopinda. Wapo ambao kifuniko cha shavu kilikuwa kifupi, matamvua yakibaki wazi.

Wanakikoba wenzangu walikuja kwa pamoja. Siwalaumu, wao ndio walionidhamini. Waliondoka na cherehani, kisha wakarudi kufuata bati. Kilichoniuma kuliko bati ni maneno. Walisema chakula cha samaki nilikuwa nakila mimi na wanangu. Mjomba, mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, alinitamkia mbele ya watu kwamba ardhi ya ukoo nimeitia mkosi, akataka niende kwa mganga bwawa likasafishwe. Nilikataa kwenda, na kukataa kwangu kukawa ushahidi mwingine dhidi yangu.

Aliyenitoa gizani alikuwa binti wa Chuo Kikuu cha Sokoine aliyepita kijijini kwa mafunzo ya vitendo. Aliwashika samaki wangu mmoja mmoja, akawageuza, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, wazazi wa hawa walitoka wapi?" Tukaenda kwa muuzaji. Alitueleza bila kificho, maana hakuona ubaya wowote. Miaka mingi nyuma alipata samaki wachache kwa rafiki yake, na tangu hapo ni watoto wa wale wale, ndugu kwa ndugu. Wakubwa aliwauza kwa walaji kwa sababu ndio wenye bei. Waliobaki ndio waliozaa.

Njiani kurudi, binti yule alinifafanulia. Kila kiumbe hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kasoro nyingi hulala kimya mpaka zikutane mbili zinazofanana, na zinakutana kwa urahisi pale ndugu wanapozaana. Hapo hutokea udumavu, vifo vya vifaranga na migongo ya kupinda. Na mfugaji anayeuza wakubwa akazalisha wadogo, hata kama hajui, anachagua. Anachagua udogo, kizazi baada ya kizazi. Nililia njia nzima, na kilio chenyewe kilikuwa cha ahueni.

Ukweli ule haukulipa deni. Nililipa mimi, kwa vibarua vya mashamba ya watu, mpaka nilipobahatika katika bahati nasibu ya viza za Marekani nikaja Columbus. Usiku nahudumia wazee wasiojiweza, mchana nalala kidogo, na muda unaobaki naupeleka maktaba ya Whetstone, iliyopo hapa hapa Clintonville kwenye barabara ya High. Nilianza kwa kuomba chochote kinachohusu perege. Nilitaka kujua kama kuna mahali duniani watu walilifanya jambo hili sawasawa.

Wapo, na mwanzo wa hadithi yao uliniacha mdomo wazi. Mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling, aliyekuwa akitafiti ufugaji wa samaki Malaka, katika Malesia ya leo, aliandika kuhusu madume wa perege waliotoka Zanzibar. Alipowapandisha na majike wa aina nyingine walioko Malaka, watoto wote wakawa madume, bila homoni yoyote. Aina ile ya Zanzibar asili yake ni mto Wami. Wami wa mkoa wetu wa Morogoro! Samaki tunayemwona kitoweo cha maskini ndiye aliyewaonyesha wataalamu kwamba jinsia ya perege inaweza kupangwa kwa kuchagua wazazi.

Kisha nikasoma habari za GIFT, uzao wa sato ulioboreshwa kwa kuchagua wazazi. Mwaka 1988 shirika ambalo leo linaitwa WorldFish, likiwa Ufilipino, lilianza kukusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, likawachanganya na sato waliokuwa tayari wanafugwa Asia. Njia walijifunza kwa Wanorwe, waliokuwa wakiboresha samaki wa salmoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila familia ya samaki ililelewa peke yake, vifaranga wakatiwa alama, wakakuzwa pamoja, wakapimwa, na waliokua vizuri zaidi ndio wakaachwa kuzaa, kwa masharti kwamba ndugu wasikutane. Baada ya vizazi vitano samaki wale walikua kwa kasi iliyozidi ya wale wa mwanzo kwa zaidi ya asilimia 80. Jeni hazikuhamishwa kwa sindano. Walipima, wakaandika, wakachagua na wakasubiri. Uvumilivu huo ninao, na kila mwanamke ninayemfahamu bondeni kwetu anao.

Barabara namba 23 inapita Columbus ikielekea kusini hadi Piketon, ambako Chuo Kikuu cha Ohio State kina kituo cha utafiti wa samaki. Nilikwenda kwa gari la kuomba. Pale Dakta Hanping Wang na wenzake wanamboresha samaki wa njano wa Ziwa Erie ambaye watu wa hapa humwita perchi. Kwa samaki huyo mambo ni kinyume cha perege: jike ndilo linalokua haraka. Kwa hiyo majike wachache hugeuzwa kwa homoni wawe madume, na wakipandishwa na majike wa kawaida watoto wote wanatoka majike. Wanaoliwa ni hao watoto, ambao wenyewe hawakulishwa homoni. Wanakata kipande kidogo cha pezi, wanasoma vinasaba, na kutoka hapo wanajua nani ni mtoto wa nani kabla ya kuamua nani apandishwe na nani. Nilisimama kwenye matangi yale nikawaza kwamba mjomba wangu anapaswa kusikia hili kwa lugha yake.

Nilimpigia simu. Sikutaja vinasaba. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wa mama yake, na mtoto hufundishwa jina la ukoo kabla hajajua kusoma, ili ukubwani asipotee njia. Nikamwambia, "Mjomba, wale samaki walioana ndani ya ukoo mmoja, miaka na miaka, na aliyeniuzia alikuwa hajui koo zao." Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo bondeni hakuna mkosi?" Nikasema hakuna, mjomba, na haujawahi kuwapo. Siku chache baadaye aliwaita wazee na wanakikoba, akalikana neno lake mbele ya watu wale wale waliolisikia. Wangapi katika wazee wetu wangefanya hivyo?

Mjomba alipokolea akataka niwatumie hao samaki wa Asia. Hapo nilimkatalia, na nawaomba wafugaji wanielewe. WorldFish wenyewe kwa miaka mingi walizuia GIFT wasirudishwe Afrika, kwa kuhofia wakitoroka watachanganyika na sato wa porini na kuharibu hazina ile ile walikotoka. Mafuriko ya masika hayaombi ruhusa ya mwenye bwawa. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na wenzao wa Uingereza tayari wameonyesha jinsi sato na perege wengine walioletwa walivyosambaa katika mito na maziwa ya Tanzania, wakichanganyika na wenyeji. Ghana waliboresha samaki wao kule Akosombo kwa kutumia wazazi wa mto Volta. Misri wana uzao wa Abbassa, na Kenya wanaendelea na kazi hiyo Sagana. Naamini kwa moyo wote kwamba Tanzania inastahili mbegu yake iliyochaguliwa na kutunzwa kwa hesabu, itakayomfikia hata mwanamke wa bondeni, ikiwa na karatasi inayosema wazazi walitoka wapi na lini walibadilishwa.

Wakati tunaisubiri, mabwawa yetu yamerudishiwa maji. Anayeyasimamia ni mdogo wangu, na mjomba ndiye mtunza daftari. Wazazi tuliwapata sehemu tatu tofauti, ambazo tulijiridhisha kwamba hazikununua samaki kutoka chanzo kimoja. Kila kundi lina kizimba chake cha wavu. Katika kila kizazi tunabakiza wazazi wasiopungua 50, nusu madume na nusu majike. Tunawapima wenye umri sawa waliolishwa sawa, na walio bora hawaendi sokoni hata mteja akipandisha bei. Zamu ya kupandisha ikifika, madume wa kundi la kwanza wanahamia la pili, wa la pili wanahamia la tatu, wa la tatu wanarudi la kwanza. Wanakikoba wawili walioondoka na cherehani yangu sasa wananunua vifaranga kwetu, na mdogo wangu hamwachii mtu mfuko wa vifaranga kabla hajamsomea ukurasa wa wazazi wao.