Bingwa Aliyepokea Simu

Ninatoa dawa ya usingizi katika hospitali ya wilaya. Mimi ni muuguzi: nilisoma diploma ya uuguzi, nikafanya kazi wodini, kisha nikaenda kwenye mafunzo ya usingizi ya mwaka mmoja. Daktari bingwa wa usingizi amesoma udaktari miaka 5, akafanya mazoezi ya kazi mwaka mzima, akaongeza miaka 3 ya ubingwa. Tofauti hiyo ni ya kweli. Mtoto mchanga mwenye tatizo la moyo sitaki kumlaza mimi ikiwa bingwa yupo.

Ila huku kwetu hayupo. Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi, WFSA, linataka wasipungue 5 kwa kila watu 100,000. Tanzania tuko mbali mno na hapo, na wachache tulionao wengi wako hospitali kubwa za mijini. Mjamzito akihitaji kupasuliwa saa nane usiku wilayani, anayempapasa mgongo kutafuta pa kupitisha sindano ya ganzi ni muuguzi.

Usiku mmoja aliletwa mama anayevuja damu, kondo la nyuma limeziba njia. Presha 80 kwa 50, mapigo yanakimbia. Mpasuaji alitaka ganzi ya mgongo, ndiyo tuliyoizoea. Lakini ganzi hiyo hulegeza mishipa ya damu, na presha iliyokwisha kushuka huanguka kabisa. Nilikataa. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikampigia bingwa mmoja wa mjini, akauliza presha, mapigo, chupa za damu zilizopo maabara, na mdomo wa mgonjwa unafunguka kiasi gani. “Ketamini, sista, na dozi upunguze. Mpe oksijeni kwanza, andaa mashine ya kufyonza, ndipo umruhusu dokta akate.” Hakukata simu mpaka mrija ulipokaa kooni. Mama na mtoto walitoka hai.

Bingwa mwingine, siku niliyosindikiza mgonjwa wa rufaa, alisoma fomu yangu akauliza mbele ya ndugu, “Nani kakuruhusu kutoa dawa hii?” Presha ya mgonjwa hakuwa ameiuliza bado. Muuguzi aliyefokewa hivyo leo, kesho hapigi simu. Atajikaza peke yake mpaka mgonjwa abadilike rangi, na hapo hata bingwa hana la kumsaidia. Hii ndiyo hasara kubwa ya mashindano kati yetu wauguzi na madaktari, na anayeilipa amelala mezani hajui lolote.

Nasi wauguzi tuna lawama. Nimeona daktari kijana akiachwa ahangaike na mashine ambayo mwenzetu anajua kabisa valvu yake inavuja, ili tu aonekane hajui. Na wenzetu wa vituo vya afya, waliopewa mafunzo mafupi kuliko yetu, tunawasema kwa maneno yale yale tunayolalamikia kusemwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila hospitali ya wilaya ipewe jina na namba ya bingwa wa zamu, na kupokea simu hizo kuhesabiwe kuwa kazi yake, asifanye kwa hisani. Na madaktari wanaosomea ubingwa wapangiwe kukaa nasi wilayani, pasipo na vifaa vya Hospitali ya Taifa Muhimbili, wafundishe na kutuuliza pia.