Kabla ya Kuuliza Bei ya Kiti



Katika miaka yote ambayo tumewatembelea katika vikundi vyenu vya parokia, tumeona kwamba moyo wa kusaidia haukosekani kwenu. Mkisikia kuwa mahali fulani yupo mwenzenu asiyeweza kutembea, wala hana nguvu ya kusukuma magurudumu kwa mikono yake, mmoja wenu husimama mara moja na kuuliza: kiti cha magurudumu cha umeme ni bei gani? Swali ni jema, ila limewahi mno. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu vya kusukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, likaipanga kazi hiyo katika hatua nane. Mambo ya fedha na kuagiza ni hatua ya nne. Kabla yake kuna kumpokea mhusika, kumpima na kuzungumza naye, kisha kuandika ni kiti cha namna gani kinachomfaa. Baada yake kuna kukitayarisha kiti, kukilinganisha na mwili wake, kumfundisha kukitumia, na kukitunza miaka inayofuata. Ikiwa kiti cha mikono kinadai hatua nane, kile chenye mota, betri na nyaya hakiwezi kudai pungufu.

Leo tungependa kukaa zaidi katika hatua ya pili, kwa kuwa ndiyo inayorukwa kila mara.

Tuanze na mtu wa mbali, ambaye historia yake inajulikana na inatugusa sisi walimu. Ed Roberts alikuwa kijana wa California, Marekani. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 14, polio ilimpooza mwili, akabakiwa na uwezo wa kusogeza vidole vichache tu. Usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Alipofika mwisho wa masomo ya sekondari, wakubwa walitaka kumnyima diploma kwa sababu hakuwa amefanya mazoezi ya viungo wala somo la kuendesha gari. Msicheke upesi, kanuni za jinsi hiyo tumeziona karibu zaidi kuliko California. Mama yake alipigania haki yake, diploma ikatolewa, na mwaka 1962 kijana akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Huko alisukumwa na msaidizi kila alikokwenda. Kisha akampenda msichana, na hapo msaidizi akawa mtu wa tatu asiyehitajika. Kiti cha mota kilikuwepo tayari duniani: huko Kanada mhandisi George Klein na wenzake walikuwa wamekitengeneza kwa ajili ya askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wamepooza mikono na miguu. Lakini Roberts alikuwa ameambiwa kwamba hawezi kukiendesha, kwa kuwa vidole vyake havikuwa na nguvu ya kusukuma kijiti cha kuongozea kwenda mbele. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba vidole hivyohivyo viliweza kuvuta kijiti kurudi nyuma. Basi kisanduku cha kuongozea kikageuzwa, kuvuta kukawa ndiko kwenda mbele, naye akajifunza kuendesha kwa siku moja. Baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa idara ya jimbo lake inayowasaidia walemavu kupata kazi, idara ileile iliyokuwa imeandika zamani kwamba ulemavu wake ni mzito mno hata hataweza kufanya kazi.

Tunaomba mtazame jinsi jambo lilivyotokea.  Mtu fulani alikoma kuhesabu yale ambayo vidole vimeshindwa, akatazama yale vinavyoweza. Tena mwanzo wa yote haukuwa uchunguzi wa daktari. Ulikuwa haja ya kijana ya kukaa peke yake na mchumba wake.

Sasa turudi nyumbani, Bukavu, katika shule ya ualimu ambako tulikuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha. Kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa sita, ambaye jina lake hatutalitaja, aliyeanguka kutoka mti wa parachichi akiwa na miaka 15 na kuumia shingo. Miguu haikusogea tena. Mikono ilibaki na nguvu kidogo, wa kushoto zaidi ya wa kulia, na vidole havikuweza kukamata kitu sawasawa. Ndugu zake walimbeba mgongoni hadi shuleni, wakamweka kwenye kiti cha mbao chenye mkanda, wakarudi saa sita na nusu kumchukua. Hivyo alisoma miaka yote.

Wafadhili fulani walisikia habari zake wakamletea kiti cha mota kilichokwisha kutumika Ulaya. Siku ya kukikabidhi kulikuwa na nyimbo na picha nyingi. Kiti kilikuwa cha mtu mzima mwenye mwili mkubwa: nafasi ya kukalia ilikuwa na upana wa sentimita 51, naye nyonga zake zilikuwa sentimita 34. Kijiti cha kuongozea kilikuwa upande wa kulia. Hakuna aliyempima, na hakuna aliyemuuliza ni mkono gani unaofanya kazi. Alikaa ameegemea upande mmoja kama gunia lisilojaa, na kwa kuwa hana hisia chini ya kifua, hakujua kwamba ngozi inaumia. Baada ya majuma machache kidonda kilitokea kwenye mfupa wa mkia. Vijana, mjue vizuri: kidonda cha mgandamizo kwa mtu wa namna hiyo si jambo dogo. Kinaweza kufika mfupani, kinaweza kuua. Yeye alilala kifudifudi kwa miezi mitano, akakosa mazoezi yote ya kufundisha na mtihani wa Serikali wa mwaka ule. Kiti kilifunikwa kwa turubai, na watu wakaanza kusema kwamba kijana huyo hakushukuru.

Alipopona, mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo alikuja nyumbani kwake, na sisi tulikuwepo. Hakukitazama kiti kwanza. Aliketi, akamwomba kijana aeleze siku yake tangu kuamka hadi kulala, na mwishoni akamuuliza ni jambo gani moja ambalo angetaka kulifanya bila kumwita mtu. Sote tulidhani tunalijua jibu. Mama yake alidhani atasema choo. Sisi tulidhani atasema ubao, maana mwalimu bila ubao ni nani? Yeye alisema: kugeuka. Alisema kwamba akiwekwa mbele ya darasa anatazama upande mmoja tu, na watoto walio nyuma ya bega lake wanafanya wapendavyo. Ubao haukumsumbua, kwa kuwa mtoto mwenye mwandiko mzuri anaweza kuandika kwa maagizo yake. Lakini mwalimu asiyeweza kumgeukia mtoto anayepiga kelele, alisema, hana darasa.

Jibu hilo likaamua karibu kila kitu. Viti vya mota hutofautiana kwa mahali yalipo magurudumu yanayosukuma. Yakiwa nyuma, kiti hutulia vizuri kinapokwenda kasi katika njia ya wazi, ila kinahitaji nafasi kubwa ya kugeukia. Yakiwa mbele, hupanda vizuizi vidogo kwa urahisi zaidi. Yakiwa katikati, kiti huzunguka karibu mahali pale kiliposimama, ingawa katika njia yenye mashimo magurudumu hayo yanaweza kuning'inia na kukwama. Kwa bahati njema kile kilichokuwa chini ya turubai kilikuwa cha magurudumu ya katikati. Kwa barabara za Bukavu, zenye miteremko mikali na makorongo yanayochimbwa na mvua, kingekuwa hatari. Kwa sakafu ya saruji ya darasa kilikuwa kinafaa sana.

Ndipo likaja shauri lililowashangaza wengi: kiti kilale shuleni. Uzito wa kiti kama hicho unapita kilo 100 kabla mtu hajakikalia, na nyumba yao iko chini ya ngazi za udongo. Kijana angeendelea kubebwa hadi barabarani na kufika shuleni kwa gari au kwa kiti chepesi cha kusukumwa, na huko angehamia kwenye kiti cha mota. Wapo walioliona kama jambo la nusu. Sisi tunaliona kuwa uamuzi wa busara kuliko yote yaliyofanyika, kwa kuwa ulifuata ardhi ilivyo. Mahali pengine kifaa bora si cha mota hata kidogo. Wachuuzi walemavu wanaovuka mpaka kati ya Goma na Gisenyi na baiskeli zao za magurudumu matatu, zinazozungushwa kwa mkono na kujazwa mizigo, wangefanya nini na kiti kinachodai kuchajiwa usiku kucha?

Kazi ya kulinganisha kiti na mwili ilichukua siku nne. Seremala alitengeneza vibao viwili vya pembeni, vikavikwa sponji, ili nyonga zisitembee. Kina cha kiti kilipunguzwa kwa mto wa mgongoni hadi kukabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kina kikizidi, mtu huteleza mbele na mkia ndio unaobeba mzigo. Mto wa kukalia uliwekwa tabaka mbili, gumu chini na laini juu, na mtaalamu aliingiza mkono wake chini ya mifupa ya makalio kuhakikisha kwamba mfupa haugusi ubao. Vikanyagio vilipandishwa ili mapaja yalale sawa. Fundi wa kuchomelea vyuma alihamisha kisanduku cha kuongozea upande wa kushoto, na juu ya kijiti wakavika mpira mdogo wa watoto uliotobolewa, ili kiganja kisichokamata kiweze kusukuma. Mwendo wa kasi ulipunguzwa. Kisha wakamfundisha, na wakatufundisha na sisi, kumwegemeza mbele mara kwa mara ili damu ifike kwenye ngozi, na kuitazama ngozi hiyo kila jioni. Mdogo wake wa miaka 12 ndiye aliyekuwa makini kuliko wote.

Hatua ya betri ndiyo inayowashinda wengi, nasi hatutaki kuificha. Viti vingi vya mota hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Mafundi wetu hupenda kuweka za gari kwa kuwa zinapatikana. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, si kutoa nguvu kidogo kidogo mchana kutwa; huko huchakaa mapema, na ile yenye maji ya asidi inaweza kumwagika karibu na miguu isiyosikia moto. Zinazohitajika ni zile zilizofungwa kabisa, zinazovumilia kutumika kwa muda mrefu na kuchajiwa tena. Kuchaji huchukua saa nyingi, na ingawa mabwawa ya Ruzizi yako jirani yetu, ninyi mnajua umeme unavyokatika. Shule iliamua kuchaji kila usiku hata kama betri haijaisha, na ufunguo wa chumba hicho ukakabidhiwa mlinzi. Wavulana wawili wa darasa walifundishwa pia mahali palipo na vishikio vya kuachanisha mota na magurudumu, ili umeme ukiisha kiti kisukumwe kama toroli.

Ikabaki ngazi ya mlangoni, yenye kimo cha sentimita 15. Kipimo kinachoshauriwa ni kwamba kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu wa mteremko, basi ikahitajika mita 1 na sentimita 80 ya saruji. Nchi yetu ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tangu Mei 2022 tunayo sheria yetu wenyewe. Saruji, hata hivyo, ilinunuliwa na wazazi, na mchanga ulibebwa na vijana wa parokia kwa vichwa vyao. Walioubeba walijua hasa wanachokifanya: walikuwa wamepewa kipimo, si ombi la huruma.

Tulihudhuria somo lake la kwanza la mazoezi, katika darasa la tatu la msingi. Lilikuwa somo la hesabu, juu ya kugawanya, na kwa kweli alikwenda haraka mno katika mfano wa pili, nasi tulimwandikia hivyo katika ripoti. Dakika kumi baada ya kuanza, mtoto mmoja upande wa dirisha alimpiga mwenzake kwa rula. Kiti kikazunguka. Mtoto akaiweka rula chini.

Alifaulu mtihani wa Serikali mwaka uliofuata, na sasa anafundisha. Betri zile zimezeeka. Siku hizi zinamfikisha saa tano tu, na somo la mwisho hulifanya akiwa amesimamishwa karibu na ukuta, wavulana wawili wakimgeuza. Kikundi cha vijana cha parokia yake kimeanza kuweka akiba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na mtunza hazina wao ametuonyesha daftari: betri ya kwanza imekwisha kulipiwa, ya pili bado.

Katekista wenu